Kazi Yangu ya Bwawani Ruiru

Makongeni, Thika
21 Juni 1998

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti lako limetulia tangu mvua zipungue. Mimi ni mzima, ila nina uchovu ambao hauishi hata nikilala. Huku Thika baridi ya mwezi wa sita imeingia na kila mtu anaota jiko. Wasalimie wote hapo bomani. Nawe shemeji Mourine, kwa kuwa najua ni wewe unayemsomea, tafadhali soma polepole na usiruke mahali popote kwa kumhurumia Mama. Mwache asikie yote.

Mama, ujumbe wako nimeupata. Lenny wa hapo jirani aliporudi huku kutoka nyumbani aliniambia umekataa hata sukari yangu mpaka nikueleze mwenyewe ninafanya kazi gani. Lenny ana mdomo tangu utotoni, lakini safari hii hakudanganya. Sipimi kahawa kama nilivyokuandikia. Mimi ni mlinzi wa maji. Ni bwawa, Mama, tena lenye kina, ndani ya shamba moja la kahawa huko Ruiru.

Sikusahau. Siku tulipomzika Nicanor ulitusimamisha sisi ndugu zake kando ya kaburi ukatuapisha kwamba hakuna mtoto wako mwingine atakayeingia kwenye maji yanayopita magoti. Mto Nzoia kumchukua yeye ulikuwa umekutosha. Neno hilo nimeishi nalo, ndiyo maana mpaka leo sijui kuogelea, na ndiyo maana nilikuficha kazi hii. Niliogopa kukuumiza, na pia, niseme ukweli, niliogopa ulimi wako.

Kiwanda cha nguo kilipotupunguza, nilizunguka mpaka viatu vikaisha. Ndipo nikasikia kwamba mama mmoja anayeitwa Wakonyo, mwenye ukumbi wa sherehe kando ya bwawa hilo, anatafuta mtu. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Bungoma. Akafurahi, akasema basi maji nayajua, kwani watu wa ziwa huzaliwa wakiogelea. Nikamweleza kwamba mimi ni Mbukusu, sisi ni watu wa mahindi na ng'ombe, na ziwa lenyewe liko mbali na kwetu. Akanijibu kwamba si ni huko huko tu, akanipa filimbi. Mama, nilikuwa na njaa. Nikaipokea.

Mwanzoni kazi yenyewe ilikuwa kufukuza watoto ukingoni. Kisha El Nino ikajaza bwawa mpaka juu, na Wakonyo akaleta pikipiki mbili za maji. Zina kiti na usukani kama pikipiki ya kawaida, ila hazina magurudumu. Huvuta maji kwa chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, nazo huenda mbio. Zilikuja na fundi wa Mombasa, Idarous, mtu mpole ambaye hakuwa na haraka na lolote. Alinifundisha kumfunga dereva kamba ya mkononi ili akianguka injini izime yenyewe, isije ikamzunguka na kumkanyaga. Alinifundisha kufunga koti la kuelea vifungo vyote na kulivuta mabegani nione kama linapanda. Mwenye harufu ya pombe nisimpe ufunguo, hata akiwa nani.

Lakini alisema waliomtia hofu zaidi si wasiojua kuendesha chochote, bali wanaojua pikipiki. Barabarani ukiona hatari unaachilia mafuta. Majini ukiachilia mafuta usukani unakufa, na chombo kinakwenda moja kwa moja kule kilikokuwa kinatazama. Ukitaka kukwepa lazima uendelee kukipa mafuta kidogo huku unakata kona. Nilimrudia kila mteja maneno hayo mpaka sauti ikanikauka, na wengi waliitikia huku wakitazama kwingine.

Makoti nayo yalikuwa vita. Wakonyo aliyaacha ndani ya nailoni zake, jinsi watu wa huku wanavyoacha viti vipya vya sebuleni, eti yasichakae. Langu nililivaa tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikula nalo, na wapishi wakawa wananiuliza harusi yangu na koti ni lini.

Basi, Jumapili moja ya mwezi uliopita walikuja wachumba wawili, Boaz na Mbula. Boaz husambaza mikate kwa pikipiki huko Githurai 45, na siku hiyo familia zao zilikuwa zimekutana ukumbini. Walivaa vitenge vya kufanana, vipya kabisa. Nilichana nailoni mbili mbele ya Wakonyo, akanuna, nikawavalisha makoti na kumfunga Boaz kamba. Walizunguka vizuri. Tatizo lilikuwa mpiga picha. Alisimama kwenye jukwaa la mbao pale majini, akawaita kwamba makoti yanaficha vitenge, na mama wa bibi harusi ataona nini kwenye picha? Nilipuliza filimbi, nikapiga kelele wasivue. Walivua, wakayaning'iniza kwenye usukani.

Kisha Boaz akaja kwa kasi ili picha ionyeshe maji yakiruka. Alipoona mbao ziko karibu, akafanya kama anavyofanya kila siku kwenye lami. Aliachilia mafuta, akakata kona. Chombo hakikukata. Kiligonga nguzo za jukwaa nilikokuwa nimesimama, Boaz akatupwa kwenye matete, na Mbula akaenda upande wenye kina. Namshukuru Mungu kwa ile kamba, maana injini ilizima papo hapo.

Sasa kila mtu Ruiru anasimulia kwamba mtu wa ziwa aliruka akamtoa msichana wa watu. Lenny naye amekuletea hayo. Wakonyo ameamuru makoti yote yatolewe kwenye nailoni, na anayevua hapandi tena. Mama yake Mbula alikuja tena kutoka Machakos na kuku, akanishika mikono miwili, asiiachie. Tulisimama tu hivyo. Nilikufikiria wewe, ulivyosimama Nzoia na hukuwa na mikono ya mtu ya kushika.

Mama, hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikuruka. Jukwaa lilitikisika nikaanguka, na maji yalipofika shingoni nilipiga mayowe kama mtoto. Koti liliniinua. Wapishi wakanirushia kamba, nikaishika, wakaanza kunivuta. Kufikia hapo sikuwa nimevunja neno lako; kuanguka si kuingia. Halafu nikauona mkono wa Mbula ukitokeza na kuzama, pembeni yangu, mbali kidogo kuliko ninavyoweza kufika. Nikaiachilia kamba. Nilipiga miguu ovyo kuelekea kwake, nikinywa maji, mpaka akaning'ang'ania shingo, na koti moja likatubeba wawili hadi kamba iliporushwa tena. Kamba ile niliiachilia mwenyewe, Mama, bila kusukumwa na mtu. Hapo ndipo nilipovunja neno lako, na nikikuta mkono mwingine kama ule nitalivunja tena.

Najua utasema niache kazi. Nimelifikiria sana. Siku ya Nicanor ukingo ulikuwa umejaa watu, na wote walikuwa wameapishwa na mama zao. Sitaki kuwa mmoja wa waliosimama. Nimeanza kujifunza kuogelea hapa penye kina kifupi, mzee mzima, nikichekwa na watoto. Nakuomba unifungue. Ukinifungua nitaingia nikiwa na amani. Usiponifungua, Mama, nitaingia hivyo hivyo, ila nitakuwa nalia.

Mwambie kaka asiuze yule ndama kabla sijafika Desemba. Watoto wa Mourine nawasalimu mmoja mmoja. Mungu akuweke mpaka tuonane, na goti lako lipate nafuu.

Ni mimi mwanao,
Wamalwa