Karatasi ya Shujaa wa Kipkirui

Jumatano, Januari 2008

Chepchirchir na Kipketer,

Maharagwe yako kwa jiko, ongezeni maji. Mlango msifungulie mtu. ~~Mama akipiga simu mwambieni~~ Mama msimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Asubuhi wamepiga simu kutoka Kuresoi. Ndugu yetu Kipkirui amepigwa mshale shambani kwa hizi fujo za uchaguzi, amekufa. Naenda mochari kumtambua.

Jumamosi shujaa wake wa kubuni alipouawa kwa ule mchezo wetu wa dadu, aliniomba arushe dadu mara moja tu tena. Nikamwambia tunacheza kama maisha ya kweli, aliyekufa amekufa, nikachana karatasi aliyomwandika shujaa wake. Alicheka, lakini chai hakumaliza.

Karatasi nimeiunga na selotepu, iko hapa chini ya dadu. Msiitupe. Huyo shujaa yuko hai. Sheria ilikuwa yangu, na nimeifuta.

Dada yenu mkubwa