Chumba cha Mjini kwa Mtu Asiyeona

Jumatano jioni, Bungoma. Jua limetoka baada ya siku tatu za mvua, na nina furaha ambayo hata sijui niiweke wapi. Wacha niiandike hapa.

Jumatatu nilimpeleka mama Kitale kufanyiwa upasuaji wa jicho. Kwa miaka mitatu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Daktari alisema ataanza na jicho la kulia, kisha tulale karibu na kliniki ili turudi asubuhi kutolewa bandeji.

Hapo kwa kulala ndipo nilipokosana na kaka yangu Wafula. Yeye alitaka tulale katikati ya mji, kwenye lile jengo la zamani la mawe lililo na veranda ndefu, si mbali na stesheni ya reli. Mimi nilikuwa nimepata mahali pa bei nafuu nje ya mji, pasafi, tena na chakula kizuri.

Nilimwambia Wafula sina sababu ya kulipia kuta za zamani. Hiyo ndiyo niliyosema kwa sauti. Moyoni nilisema jambo lingine, na leo nalikiri: mtu asiyeona, jengo zuri ni la nini kwake?

Naona aibu kuliandika.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tukachukua teksi kwenda huko nje, na mvua ikaanza tena kabla hatujaacha lami. Tulipofika pa kukunja kona, dereva akasimamisha gari. Barabara ya kuingia ndani ilikuwa tope tupu. Nikampigia simu mwenye nyumba, Mama Wambui.

"Hata mimi gari yangu nimeiacha huko juu nikatembea," akaniambia. "Sasa wewe na mgonjwa? Akiteleza na hilo jicho utajilaumu maisha yako yote. Rudi town, mpenzi. Mtakuja siku ingine."

Alikuwa anafukuza wateja wake mwenyewe kwa ajili ya jicho la mama yangu. Mungu ambariki.

Tukarudi. Pale kwenye jengo la zamani chumba kilikuwepo. Nilimshusha mama kwenye gari, nikamshika mkono kama kawaida, nikaanza kumwongoza.

"Tuko wapi?" akauliza.

Nikamweleza. Mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yetu. Mama akasogeza mguu mbele polepole, akapapasa jiwe kwa kiatu.

"Ngazi ni tatu," akasema. "Ya mwisho ni fupi. Chunga usijikwae."

Zilikuwa tatu. Ya mwisho ilikuwa fupi. Na mimi mwenye macho nilijikwaa.

Nilijua mama aliwahi kuwa fundi wa nguo Kitale kabla hajaolewa. Nilidhani alishonea sokoni. Kumbe cherehani yake ilikuwa kwenye veranda ile ile, akishonea duka la vitambaa sare za shule. Jicho moja limefungwa, la pili halioni, akanivuta mkono tukatembea kutoka mwanzo wa veranda hadi mwisho, akigusa kila mlango kwa kiganja.

"Hapa ndiyo kulikuwa duka la vitambaa. Hapa wauza mkate, ukipita asubuhi njaa inakuuma hata kama umekula. Hapa, kwa hii nguzo, ndiyo nilikuwa naketi. Juma zima tunashona, Jumamosi tunacheka."

Siku hizi duka la vitambaa ni la simu, na kwa mkate kuna kinyozi. Sikumwambia. Nilikuwa na kazi ya kumfuata tu. Tangu macho yake yaharibike, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kuniongoza mimi.

Dada wa mapokezi akatoka kututafuta na ufunguo. "Kumbe cucu ni mwenyeji!" akasema, akimwita mama bibi kwa Kikuyu.

"Mwenyeji nini?" mama akajibu. "Wewe ndiyo mgeni hapa."

Nadhani walitusikia hadi stesheni, vile tulivyocheka.

Jana asubuhi tukatembea kwa miguu hadi kliniki, mwendo mfupi tu. Daktari akatoa bandeji, akasafisha jicho, akanyoosha vidole akamuuliza ni vingapi. Mama hakumjibu. Alikuwa ameniangalia mimi. Aliniangalia kuanzia kichwani, akashuka taratibu hadi kwenye gauni.

"Nekesa," akasema. "Hiyo pindo nani alikushonea? Si imepinda!"

Daktari akaweka vidole chini. Nesi alicheka hadi akaketi. Mimi nililia, bila haya, mbele ya watu wote.

Tulipaswa kupanda gari mapema turudi Bungoma. Hatukupanda. Mama alitaka kuiona veranda. Aliitazama, akasema walioipaka rangi ya buluu waombe msamaha, kisha akaagiza chai na kuketi karibu na nguzo yake. Tukakaa hapo hadi saa sita, yeye akinisomea mabango ya barabarani kwa sauti, moja baada ya lingine, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Dawa za mifugo. Viatu vya shule. Tunanunua mahindi. Ati 'Kinyozi wa Kimataifa'! Kimataifa gani, bana?"

Wapita njia walimgeukia. Wengine wakamsalimia, naye akawasalimia akiwataja kwa rangi za nguo zao.

Mwezi ujao ni zamu ya jicho la kushoto. Kwa Mama Wambui nitapita kumshukuru, lakini kulala tutalala mjini. Nimempigia Wafula nikamwambia alikuwa sahihi. Hakunichokoza. Aliniambia tu nimpe mama simu.

Sasa hivi mama yuko jikoni kwangu. Miaka mitatu amekuwa akila hapa bila kuona chochote. Nasikia anashusha sufuria moja moja kutoka kwenye rafu, anazigeuza dirishani, na kuita jina langu kwa ile sauti ya zamani ya kunigombeza.

Kesho naamka mapema kuzisugua zote, na nitaimba nikisugua.