Prosesa Niliyoichagua Mimi

Miembeni, Alhamisi jioni

Na leo pia sikusema.

Kompyuta mpya ilianza asubuhi kuunganisha picha za droni za vibanja, mashamba ya migomba, vya Buganguzi, na tulipofunga ofisi haikuwa imefika nusu. Ta Kamugisha, mpima ardhi na bosi wangu, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Mwanangu, mashine yako inasubiri kahawa ikauke?"

Wote wakacheka. Nilicheka pia.

Mimi ndiye niliyelinganisha zile prosesa mbili. Nilichagua yenye viini vinane vya kuchakata, nikaacha ya kumi na sita, kwa sababu hiyo ya vinane ilishinda kila jaribio nililosoma. Majaribio yote yalikuwa ya magemu. Ya ramani, kazi inayotaka viini vingi, sikutafuta hata moja. Bosi alisaini bila kusoma, eti msomi ni mimi.

Mkataba wangu wa muda unaisha mwezi huu.

Kesho saa tatu atampigia muuzaji, amwambie ametuuzia feki. Muuzaji huyo alinishauri nichukue ya kumi na sita. Ujumbe wangu wa kumkatalia, wenye adabu na nukta zote, bado uko kwenye simu yake.

Nitafika saa moja na nusu, nimwambie Ta Kamugisha kabla hajapiga.