Fungu ya papa

Bukavu, siku ya ine, jioni

Kumbe maman hakula hata kimoja.

Juma yote natwanga soya na karanga, nachanganya na pumba ya mahindi na asali, nakausha, nakata vipande. Citoyenne, muuguzi wa dispansere, alisema vitamurudishia nguvu na kumufungulia tumbo. Siku ya kwanza maman alinung'unika: «Pumba ni ya nguruwe.» Kisha sahani ikawa inarudi tupu. Nilifurahi, mujinga mimi.

Leo nimefungua kikwembe chake cha kujifunga nikifue. Vipande vyote viko mule, na ukungu.

«Acha! Ni ya papa yako. Atatoka ku machimbo ya zahabu, kule Mwenga, na njaa.»

Papa tulimuzika mwaka jana. Maman alikuwa pale.

Nikasema: «Basi kula chako, chake nitamuwekea.»

«Tangu lini mwanamuke anatangulia bwana yake kula?»