Vidonge vya Mama Vilipofuata Zamu ya Tanuri

Jumapili, Bariadi. Vumbi tangu asubuhi, na mawingu yanatupita kama ndugu aliyepata cheo. Nimeamka na hasira, nimeshinda nayo, na naona nitalala nayo.

Mama yangu ana ugonjwa sugu wa mapafu. Hajawahi kuvuta sigara hata moja. Amebanika samaki Lamadi tangu sijazaliwa, ameinamia tanuri la kuni mpaka mgongo ukazoea, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha nikawa mwalimu. Kwa hiyo hata kuulaani ule moshi siwezi kwa raha. Viatu vyangu vya shule vilitoka humo humo.

Kifua kilipozidi kumbana, alilazwa Mwanza. Daktari alimwachia dawa zake za kuvuta kwa mdomo, akamwongezea kidonge kimoja cha kila siku. Nilimwomba anieleweshe, naye hakunionea uvivu. Alisema ndani ya chembe za mwili kuna kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali ya kutuliza uvimbe. Kidonge kinakizuia kimeng'enya hicho, ile kemikali inabaki, basi uvimbe na makohozi kwenye njia za hewa hupungua.

Hakifungui kifua papo hapo, alisema. Wala hakirudishi mapafu yaliyokwisha kuharibika. Kazi yake ni kupunguza yale mashambulizi ya ghafla, maana kila shambulio linaweza kuondoka na pumzi isiyorudi tena. Ni dawa ya haba na haba: unameza unapokohoa, unameza usipokohoa. Akanionya pia kwamba inaweza kuharisha, kupunguza mwili, kufukuza usingizi, hata kumtia mtu huzuni. Nimpime uzito mara kwa mara.

Nilimpima kila nilipokwenda. Hakupungua hata kidogo. Nilitamba ofisini mbele ya walimu wenzangu kwamba mwili wa Mama umeipokea dawa vizuri.

Umeipokea wapi!

Alhamisi jirani alinipigia simu kwamba kifua kimembana tena, amepelekwa kituo cha afya kuwekewa oksijeni. Jana nilikwenda Lamadi, nikamkuta amesharudi nyumbani, amekaa kitandani, mikono juu ya magoti, anaivuta hewa kama mtu anayevuta maji kisima kirefu. Wenzake watatu wa banda la kubanikia samaki walikuwa wamekaa naye. Mmoja wao, Mama Minza, ambaye kwa unene wake tulizoea kumtania, alikuwa amepwaya ndani ya gauni. Akanishika mikono yote miwili.

"Wabeja, ng'wanone," alinishukuru kwa Kisukuma, akiniita mwanawe. "Wabeja sana kwa ile dawa ya kifua. Tumbo linanisumbua, ila nameza hivyo hivyo."

"Dawa ipi, mayu?" nilimuuliza, kama ninavyomwita mama yangu mzazi.

"Si ile unayomletea mama yako? Tunameza wote."

Tunameza wote.

Ndipo nikaelezwa, kwa furaha kabisa, mpango wao. Tanuri ni moja na wao ni wanne, hivyo wanabanika kwa zamu. Kinachoingia bandani ni cha banda zima: sabuni, majani ya chai, dawa ya malaria iliyobaki. Na vidonge vya Mama navyo vikafuata utaratibu huo huo. Mwenye zamu ya tanuri ndiye anayemeza, kwa kuwa ndiye atakayekula moshi siku hiyo. Wengine wasubiri zamu zao. Kwa akili ya bandani ni haki tupu.

Niliwafokea. Nilimfokea mama yangu mbele ya wenzake, jambo ambalo kwetu halifanywi, na sikujizuia. Niliwaambia dawa hii si mwavuli wa kufunguliwa siku ya mvua. Niliwaambia Mama hajaipata inavyotakiwa, ndiyo maana yuko pale kitandani. Nikamgeukia Mama Minza nikamwambia tumbo lake na kukonda kwake huenda vimetokana na dawa asiyoandikiwa. Mama Shija, mwenzao mwingine, anakohoa na kutoka jasho usiku. Inaweza kuwa kifua kikuu, na anatulizwa kwa kidonge cha mtu mwingine. Hakuna aliyepimwa. Hakuna hata mmoja!

Mama Minza akaniachia mikono.

Mama alisubiri mpaka pumzi ikatosha maneno. "Ulitaka nijifiche nyuma ya pazia nimeze peke yangu? Moshi tunakula wote."

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Hawakusema utoe na mapafu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa anahema, nikafunga mdomo na kufunga mizigo yake. Nimemleta Bariadi. Wenzake walitusindikiza hadi barabarani, na Mama Minza alitubebea begi ingawa nilikuwa nimemwaibisha.

Sasa Mama yuko chumba cha pili. Ameivuta dawa yake, amemeza kidonge chake mbele yangu, amefungua mdomo nimkague kama mtoto. Hapa hakuna tanuri, hakuna banda, hakuna wa kugawana naye. Nimepata nilichokitaka, na kimekuwa kichungu mdomoni mwangu.

Naichukia hii roho yake ya kugawa. Naichukia zaidi kwa sababu sikutegemea inishinde hoja. Mimi niliyesoma nilijali mapafu ya mtu mmoja, na wale wengine niliwaona jana tu, nilipopata wa kuwalaumu.

Tangu Lamadi hajanisemesha, isipokuwa jioni hii, aliponirudishia kikombe cha maji.

"Na wao?" aliuliza.

Bado nimekasirika, na sijui tena nimemkasirikia nani. Kesho asubuhi nitampigia simu yule daktari wa Mwanza. Safari hii si kwa ajili ya Mama.