Dele la Kahawa la Baba

Jumatatu, 7 Aprili 1986

Mvua tangu alfajiri. Hoteli tupu. Watalii wamekwenda zao kwao, amebaki yule Mzungu mzee wa chumba cha bustanini, Bwana Lyle. Kazi yangu mapokezini leo: kupiga miayo na kuua mbu. Meneja ananiambia nitabasamu. Nimtabasamie nani, mapazia?

Bwana Lyle akaja kuzungumza. Anajua Kiarabu cha Ghuba kunishinda mimi niliyefundishwa na Baba. Kahawa ya hoteli anasema ni maji ya kuoshea sufuria. Hapo hatukugombana. Nikamwambia Baba alikaa Arabuni miaka mingi, akifanya kazi bohari ya tende, na kahawa yake watu huifuata kutoka Mambrui. Akachangamka.

Jumatano, 9 Aprili

Leo kanieleza kazi yake ya zamani. Waingereza walimweka mji mmoja wa Ghuba awe jicho lao kwa sheikh. Nani kamtembelea, nani kakosana na nduguye, nani anawachochea makuli bandarini wagome. Kila wiki anaandika na kupeleka kwa wakubwa wake. Yaani mdaku wa serikali. Nilimwambia hivyo hivyo, akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza yeye, Mzungu, aliyapataje ya barazani kwa sheikh. Akasema wakubwa wa barazani hakuwauliza, kwani wakubwa hudanganya. Mtafute anayemimina kahawa. Anazunguka na dele lake, haketi, hasemi, wala hakuna anayemwona. Mtu wake alitoka pwani hii hii ya kwetu. Hakuwahi kumletea uongo.

Nikacheka na mimi. Kisha nikamwalika nyumbani Ijumaa. Baba atafurahi kupata wa kuzungumza naye mambo ya Arabuni.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika kama ilivyokwenda.

Baada ya sala watu waliketi barazani kwetu, kama kila Ijumaa. Mvua ikawafukuza mapema. Baba alikuwa bado na dele mkono wa kushoto na vikombe mkono wa kulia, akivigonganisha kama ada yake, Bwana Lyle alipofika na mwavuli. Mzungu aliitazama ile mikono kabla hajautazama uso. Akamwamkia Baba kwa Kiarabu, kwa furaha, kama mtu aliyeonana na rafiki aliyempotea.

Baba akajibu kwa Kiswahili: "Mimi sijui Kiarabu, bwana."

Baba. Aliyenifundisha Kiarabu neno kwa neno, kwa kiboko. Na kahawa ilikuwa inamwagika juu ya jamvi. Sijapata kumwona akimwaga tone.

Mama akatoka. Yeyote aliyekaa Arabuni lazima Mama amuulize habari za nduguye. Mjomba Salim alimfuata Baba huko kabla sijazaliwa. Baba akarudi peke yake, akasema hajui kijana alikoelekea. Miaka thelathini Mama anamwekea fungu lake kila Idi, kwenye sahani yake. Hitima hajamsomea. Mtu akifa, habari zake huletwa, anasema, na yeye hajaletewa.

"Bwana, wewe ulokaa huko, wamjua ndugu yangu Salim? Kijana mrefu, ana kovu kidevuni. Alikuwa bandarini."

Nikamfasiria. Bwana Lyle akamgeukia Baba, akasema kwa Kiarabu: "Salim yule wa mgomo? Si wewe uliyenitajia jina lake? Alifia gerezani, kiangazi cha kwanza. Nilidhani ulijua."

Baba akatazama chini.

Mama hajui Kiarabu. Akanigeukia mimi. "Asemaje, mwanangu?"

Nikamwambia Mzungu hamjui.

Jumamosi, 12 Aprili

Sikwenda kazini. Naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Kichwa kinarudia jambo moja: Baba. Mama aulizie habari za nduguye miaka yote, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Bohari ya tende. Hata hiyo uongo.

Mama anaimba jikoni. Anasema yule Mzungu ni mtu mwema, kaja mvua yote ile. Nikatoka nisimtazame.

Jumapili, 13 Aprili

Mama alikwenda kwa jirani. Nikamfuata Baba uani. Sikumpa shikamoo, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikamuuliza kwa Kiarabu, asipate pa kujificha.

Akasema yote. Mama alikuwa akimtumia salamu kwa kila msafiri: nirudishie ndugu yangu. Salim hataki kurudi, keshanogewa na mambo ya mgomo. Na Baba alikuwa amewaona Waingereza wakimpandisha meli mgeni mkorofi na kumrejesha kwao. Basi akamtaja. Kwa akili yake, Salim angeshuka Mombasa na sanduku lake, amekasirika, mzima.

Hakupandishwa meli.

"Nilikuwa namrejesha kwa dadake," akasema. Analia. Sikumbembeleza. Nikamuuliza na wale wengine aliompelekea Mzungu majina yao, nao alikuwa anawarejesha kwa dada zao?

Namchukia. Namhurumia. Vyote viwili, na vyote vinaniuma. Nimemwambia: amwambie Mama, ama nitamwambia mimi.

Lakini Mama akijua atajua na hili, kwamba ni yeye aliyeomba. Huenda uongo wangu ulikuwa rehema. Sijui.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Lyle kaniuliza lini arudi kunywa kahawa. Nikamwambia nyumba ina msiba. Akasema pole, nani aliyefariki? Nikamtajia Salim. Akafikiri kidogo.

"Ah, yule," akasema. Kisha akaagiza mayai.

Jumatano, 16 Aprili

Baba amemwambia. Walifunga mlango wa chumba. Mimi nachambua mchele ule ule, nangoja ukelele. Haukuja.

Mama alitoka, akafungua kabati, akaitoa sahani ya Mjomba, akaipanga pamoja na sahani zetu. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile nilielewa. Nikasema ndiyo.

"Usinifasirie uongo tena," akasema. "Ijumaa tutamsomea hitima."

Ijumaa, 18 Aprili

Hitima imesomwa. Wanaume barazani, wanawake ndani. Walipomaliza dua, Baba aliinuka kama ada akalichukua dele. Ndani tukavisikia vikombe vikigongana. Mama akainua kichwa. Akaninong'oneza, nikatoka.

Nikamwambia Baba pole pole, wageni wasisikie: Mama asema uketi.

Akanikabidhi dele na vikombe. Nikampa jirani azungushe. Baba akaenda kukaa mwisho wa jamvi, mikono juu ya magoti, hajui aifanyeje.

Jumamosi, 19 Aprili

Jua limetoka. Dele limeoshwa, limefunikwa uani. Asubuhi Mama alipika chai. Tangu nipate akili, nyumba hii haijaamkia chai, ila kahawa ya Baba. Akamimina vikombe vitatu, kile cha Baba akakisukuma kwa kidole mpaka mbele yake. Baba akanywa. Mimi nikaenda kazini.