Pembe Zilizo Ukutani Kwako

Khayega, Kakamega

Kwa kaka yangu Titus,

Salamu kutoka nyumbani. Nakujulia hali wewe, wifi Natasha na watoto. Sisi huku hatujambo, mvua imeshika na mahindi yamefika magotini. Nimeanza na afya yako kwa sababu mama alitulea hivyo, wala si kwa kuwa nina raha na wewe. Sina. Nimeandika kwenye karatasi, na Nafula, binti wa shangazi, atakuletea akisafiri wiki ijayo, maana kwenye simu ungenikata kabla sijafika ninakotaka.

Nimeiona picha uliyotuma kwenye kikundi cha familia. Pembe mbili juu ya televisheni, na chini yake umeandika kwamba hiyo ndiyo dawa ya waoga. Watu walicheka sana. Halafu ukaniagiza nikutafutie fahali mwingine wa kupigana, umkute ukija likizo Desemba. Basi ngoja nikukumbushe siku yako ya mwisho hapa, kwa sababu naona unaikumbuka kwa namna yako.

Fahali yule ulimnunua kwa simu akiwa ndama, ukampa jina Jenerali. Hilo sikatai. Lakini aliyemkatia nyasi asubuhi na jioni ni mimi, aliyemtoa kupe masikioni ni mimi, na mvua ya mawe ilipong'oa mabati ya zizi lake tulilala jikoni, yeye upande mmoja na mimi mwingine. Hata siku za kupigana, aliyetangulia mbele akimwita jina hadi uwanjani ni mimi. Wazee walinung'unika kwamba mwanamke hatangulii fahali. Alipoanza kushinda wakanyamaza.

Wewe likizo nzima ulilala hotelini mjini. Ulienda msituni kupiga picha tumbili, na kwetu ukafika mara mbili, zote wakati wa chakula. Siku ya mwisho, ndege yako ikiwa ya jioni kutoka Kisumu, ndipo ukaja alfajiri na kofia pana kichwani, ukatangaza kwamba leo utamwongoza fahali wako mwenyewe. Nilikuambia hakujui. Ukanijibu mbele ya wapiga ngoma za isukuti kwamba ng'ombe humjua mwenye mali, na mimi nibaki jikoni niwapikie wageni wako. Nilibaki. Nilimenya vitunguu nikisikiliza ngoma zikiteremka kuelekea uwanjani, na nilikuchukia, kaka, sitaficha.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na jirani yetu Wanzala, aliyekuwa nyuma yako na fimbo. Alisema Jenerali aliingia vizuri, akafukua udongo kwa kwato, lakini kila ulipopaza sauti yeye aliinua kichwa na kutazama umati. "Hiyo ng'ombe ilikuwa inatafuta wewe," ndivyo alivyoniambia. Fahali wa watu wa Iguhu akampiga ubavuni akiwa bado anatazama watu, naye akageuka akakimbia. Hakukimbilia porini. Alikuja kusimama mlangoni pa jikoni, akihema, nikamfuta matope kwa leso yangu.

Ukafika umefura. Ulisema amekuaibisha, na kwamba fahali anayekimbia huchinjwa, ndiyo desturi. Kweli, wengi hapa hufanya hivyo. Ukasema kabla hujapanda ndege unataka kula ini lake, na pembe zake utaondoka nazo. Nilikuomba, Titus. Nilipiga magoti juu ya maganda ya vitunguu, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, nikakuomba uniachie. Ulitazama saa, ukasema unaenda mjini kuaga marafiki, na ukirudi ukute nyama mezani.

Ulirudi ukakuta nyama mezani. Ulikula ini, ukalisifu, ukaniambia kumbe hata mwoga ana nyama tamu. Ulikula na obusuma, ugali wa kwetu, hadi ukalegeza mkanda. Kisha ukafunga pembe kwenye gazeti, ukatuaga, gari likaondoka.

Sasa sikiliza. Ulipoelekea mjini, Wanzala alimtoa Jenerali kwa njia ya nyuma, akapita naye kwenye migomba na kumficha kwake. Mimi nikaenda sokoni, nikanunua nyama na ini buchani kama mtu yeyote anayepata wageni. Pembe mchinjaji alinipa bure. Ni za ng'ombe jike mzee aliyekwisha kukauka maziwa, na zilikuwa zimetupwa juu ya paa lake tangu Krismasi. Hukujiuliza pembe za mnyama aliyechinjwa asubuhi zinakaukaje kufikia mchana. Hukujiuliza kwa nini ni nyembamba, na ncha zake ni butu, ilhali za Jenerali zilichongwa wiki ileile nawe umesimama pale na simu yako ukipiga picha. Nilikuambia yeye hakujui. Wewe pia humjui.

Jenerali yuko hai. Jumamosi iliyopita nilimtangulia uwanjani nikimwita jina, na safari hii aliyekimbia si yeye. Khayega nzima inajua, na shangazi zako wote wanajua. Wale waliocheka kwenye kikundi hawakuwa wakimcheka fahali.

Ulimnunua wewe na nimemchukua mimi. Kama huo ni wizi, basi nimeiba, na simrudishi. Njoo unishtaki kwa chifu. Utasimama mbele ya watu ueleze ulikula nini na ulisafiri na pembe za nani. Fahali mwingine sikutafutii. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Zizi letu lina mmoja, naye si wewe.

Nisalimie wifi Natasha na watoto, hao sina neno nao. Wanzala naye anakusalimu, anasema kofia yako uliisahau uwanjani na sasa kuku wake anataga humo.

Ni mimi dada yako,
Zilpah

Nimesahau jambo moja. Pembe hizo usizitoe ukutani kwa hasira. Mchinjaji aliniambia yule ng'ombe alikamuliwa miaka mingi, watoto wengi wakanywa chai ya maziwa yake, na hakuwahi kumkimbia mtu. Anastahili ukuta mzuri.